Dunia Tunayoitaka Ilishaanza Katumba na Mishamo

(Hotuba kwa kongamano la vijana wa chama, Mpanda Mjini)

 

Nimepewa mada kubwa kuliko mimi: dunia bora ya kesho na namna ya kuifikia. Ni mada rahisi kupigiwa makofi. Unataja amani, unataja usawa, unataja ajira, watu wanashangilia, kesho yake hali iko palepale. Leo naomba tuongelee sehemu mnayoijua. Wengine mnakwenda kununua mahindi na maharage huko, wengine ndiko kwenu kabisa. Katumba, na mwenzake Mishamo.

Mwaka 1972 Burundi kulitokea mauaji makubwa, na watu kwa maelfu wakavuka kuja kwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi Ulyankulu kule Tabora, na huku kwetu Katumba, baadaye Mishamo. Hawakuachwa wakae tu kusubiri mgao. Walipewa mashamba, wakafyeka pori, wakalima mpaka wakawa wanatulisha na sisi. Mwaka 1983 Mwalimu akapewa tuzo ya Nansen kwa namna nchi ilivyowapokea wakimbizi. Sisi ni wapinzani, lakini kizuri tuseme ni kizuri.

Ila jamani, ardhi bila uraia ni nusu ya haki. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1980, Burundi anaisikia tu kwa wazazi, lakini kwenye karatasi ni mkimbizi. Kutoka nje ya makazi mpaka kibali. Kupiga kura ndiyo kabisa, hapana.

Mwaka 2007 ukaja mpango: anayetaka kurudi Burundi arudi, anayetaka uraia aombe. Wengi wakaomba uraia, na kufikia 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa. UNHCR wenyewe walisema haijawahi kutokea duniani nchi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mkupuo. Hapa hapa kwetu, si Ulaya.

Sasa subirini. Vyeti havikutoka! Waliokubaliwa walitakiwa kwanza wahame, wasambazwe mikoa mingine, na mpango huo ukakwama. Uraia wa Burundi walishaukana, wa Tanzania hawajaushika. Wakawa kama abiria aliyeshushwa njiani, basi lililomleta limeondoka na lingine halijafika. Mpaka 2014 sharti la kuhama likaachwa na vyeti vikaanza kugawiwa. Toka 1972 mpaka 2014 ni miaka 42.

Mimi nasoma sheria, na katika historia hii najifunza mambo matatu.

La kwanza, dunia bora huandikwa kabla haijaonekana. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 15, linasema kila mtu ana haki ya uraia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 34, unazitaka nchi zirahisishe wakimbizi kupata uraia. Wakati ule nani angejua kuna siku maneno hayo yatafika Mishamo? Lakini yaliandikwa, na siku ilipofika yakawepo ya kushikia. Ndiyo maana tunadai Katiba mpya. Tunajibiwa kwamba wananchi hawali katiba. Sawa. Nendeni Katumba mkaulize kama cheti cha uraia kinaliwa. Hakiliwi, lakini wanakumbuka maisha yalivyokuwa bila hicho cheti.

La pili, ahadi si haki mpaka uishike mkononi. Kati ya 2010 na 2014 watu wale waliitwa raia midomoni tu. Kwa hiyo kiongozi akituahidi jambo, awe wa serikali au wa chama chetu, maswali ni yale yale: limeandikwa wapi, na litatekelezwa lini?

La tatu, haki ukishaipata uitumie. Hapa najua mna hasira. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wetu wengi walienguliwa, vyama vikajitoa, CCM wakabeba zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kijana anakwambia, "Dada, kura ya nini tena?" Simlaumu. Lakini anayeengua wagombea hakuna anachokipenda kama wewe kujiengua mwenyewe. Kazi anakuwa umemmalizia.

Na kura siyo mlango pekee. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Haiulizi kadi ya chama. Nenda, nyoosha mkono, uliza mapato na matumizi, uliza ardhi ya kijiji imegawiwa nani. Wakikunyima jibu, dai swali lako liingie kwenye muhtasari, ili mkutano ujao uanzie hapo. Wa hapa mjini, mikutano ya mtaa ipo, nayo inawahusu.

Namalizia na sisi wenyewe. Kule Kigoma kuna kambi ya Nyarugusu, toka 1996. Wamo vijana wa umri wetu, wazazi wao Wakongo, waliozaliwa humo humo kambini. Chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kiseme kwa maandishi kitawafanyia nini hao. Tukisema dunia bora halafu tukaogopa kuwataja kwa sababu hawapigi kura, tutakuwa na tofauti gani na tunaowakosoa? Naomba vijana wa Katavi tuwe wa kwanza kulipeleka hilo kwenye vikao vya chama.

Na ukitoka hapa, jiulize mkutano ujao wa kijiji chako au mtaa wako ni lini. Kama hujui, anza na hilo.