Maduka Matatu, Bei Moja

Jirani yangu hapa Nyakato, Musoma, anajenga. Nyumba imefika kwenye lenta na hapo imesimama. Mwezi uliopita tulizunguka naye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi kutafuta saruji. Bei ya duka la kwanza ndiyo ya la pili, na ndiyo ya la tatu. Akaniuliza: "Mzee mwenzangu, hawa hawajakaa kikao?"

Nikamwambia bei kufanana si ushahidi. Huenda wote wananunua kwa wakala mmoja na kulipa nauli ile ile ya lori. Lakini kama kweli walikaa wakapatana bei, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo, wawe wakubwa au wadogo.

"Zamani Serikali ndiyo ilipanga bei," akasema. Ni kweli, ilikuwapo Tume ya Bei, iliyotokana na sheria ya mwaka 1973. Sisi tuliopanga foleni tunakumbuka pia kwamba bei ilibandikwa ukutani na rafu ilikuwa tupu. Biashara huria ilipoingia, Bunge likatunga sheria ya kulinda biashara ya haki mwaka 1994, kisha hiyo ya 2003. Kinacholindwa siku hizi ni kuwapo kwa wauzaji wanaogombea mteja.

Basi tuwaache wenye maduka, twende viwandani. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, wenye Saruji ya Twiga, ilitangaza kununua zaidi ya asilimia 68 ya hisa za Saruji ya Tanga. Aprili 2022 Tume ya Ushindani ikaruhusu. Waliopinga wakaenda Baraza la Ushindani, na Septemba Baraza likatengua ruhusa hiyo: kampuni hizo mbili kwa pamoja zingevuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria ilikihesabu kuwa ni kulitawala soko. Wengi tulidhani yamekwisha. Mwaka 2023 maombi yakarudi, Tume ikaruhusu tena, hisa zikanunuliwa. Mwaka 2024 Scancem ikaziuza kwa Amsons, ambao tayari walikuwa na saruji ya Camel na kiwanda cha Mbeya.

Sheria haikatazi mtu kuwa mkubwa, wala mimi simchukii tajiri. Ila jambo lililokataliwa mwaka huu likikubaliwa mwaka ujao, mnunuzi wa mfuko mmoja anastahili kuelezwa kilichobadilika, kwa Kiswahili chepesi, redioni na magazetini. Twiga inatoka Wazo, Dar es Salaam. Tanga ni Tanga. Sisi wa Mara tuko mwisho wa barabara, na muuzaji akipungua huko, huku tunaumia mapema.

Jirani yangu alinunua mifuko sita, duka la tatu. Bei haikushuka, ila mwenye duka alikubali kumpelekea kwa mkokoteni bure.