Kibuyu Hakina Kona



Wahitimu wa ufinyanzi, nimeitazama mitungi yenu ukumbini. Mmoja una umbo la tunda la mbuyu, mwingine umejipinda mithili ya kombe la pwani, na vibuyu ni vingi. Nawauliza mliofinyanga vibuyu: mmejiuliza kwa nini kibuyu hakina kona?

Udongo ukikauka husinyaa. Ukiingia motoni hutanuka. Penye kona unene hubadilika ghafla, joto halienei sawasawa, na ufa huanzia hapo hapo. Chungu chenye kitako cha mviringo hutulia juu ya mafiga na kuupokea moto pande zote. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafiri kwa mitumbwi hadi soko la Matema, wanalijua hilo mikononi mwao. Kwao mviringo si pambo. Ndio unaokiwezesha chungu kupika.

Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda kusoma Uingereza. Lakini mwaka 1974 alifunga safari hadi Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mkono mahali alipofanya kazi mfinyanzi Ladi Kwali. Kwali ndiye mwanamke ambaye Nigeria imeweka picha yake kwenye noti ya naira 20. Mitungi iliyompa Odundo sifa duniani haikupita kwenye gurudumu. Huiinua kidogo kidogo kwa vidole, huisugua hadi ing'ae, wala haipaki utando wa kioo. Ikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka nyekundu. Ikichomwa tena kwa kunyimwa hewa hugeuka nyeusi tititi. Ukiutazama mmoja unaona kibuyu, unaona shingo ya mtu, unaona tumbo la mama mjamzito, na bado hujui ameiga kipi. Huo ndio ufinyanzi ninaouheshimu, kwa sababu aliyeufanya alikaa kwanza na wanaojua.

Picha ya simu itawaonyesha sura ya kibuyu, haitawaonyesha uzito wake. Basi kabla hamjanunua tanuri la umeme, nendeni kwa mfinyanzi wa kijijini kwenu. Ketini naye, kandeni udongo wake, mlipeni muda wake. Na siku mtungi wenu utakapowekwa kwenye maonyesho, andikeni jina lake kando ya lenu.