Ukitaka Kifaransa, usipitie London

Wiki iliyopita nilipokea barua ya kijana mmoja wa Temeke, fundi wa magari, akiniuliza swali fupi: je, mtu asiye na mwalimu, wala fedha za kulipia darasa, anaweza kujifunza Kifaransa mwenyewe kwa kusikiliza nyimbo? Huenda amesikia kwamba kila alfajiri, kabla sijaja studio, mimi hukaa na daftari na redio yangu nikihangaika na lugha hiyo. Huu ni mwaka wa tatu. Jibu langu ni kwamba anaweza, ila kwa sharti moja ambalo vitabu vingi vinavyouzwa mjini havilitaji. Nitalifikia.

Kwanza niseme kwa nini swali lake si la anasa. Ninamfahamu dereva wa lori anayechukua mizigo bandarini hapa Dar es Salaam, akapita Tunduma, akakata Zambia yote hadi mpakani Kasumbalesa, akaingia Lubumbashi. Nilipomuuliza kuhusu lugha alinicheka. "Kaka, Lubumbashi kila mtu anaongea Kiswahili, nisumbuke na Kifaransa cha nini?" Na ni kweli. Kiswahili humpa chakula, humpa pa kulala, tena humfikisha hadi kwenye dirisha la ofisa, wakataniana vizuri tu. Lakini karatasi inayotoka dirishani imeandikwa kwa Kifaransa. Miaka miwili iliyopita alitia saini karatasi aliyodhani ni ya kuthibitisha kwamba amefika. Kumbe ndani yake mlikuwa na neno "manquant", maana yake pungufu, na mbele ya neno hilo tarakimu. Amekiri kwa saini yake mwenyewe kwamba mifuko ya mbolea imepungua mikononi mwake. Tajiri alimkata mshahara kwa miezi minne.

Dereva huyu si wa peke yake. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kifaransa si lugha ya ng'ambo tena. Kimo ndani ya ua wetu, na aghalabu ndicho kinachoandikwa kwenye karatasi wakati sisi tunasalimiana kwa Kiswahili.

Sasa sharti lenyewe. Anza safari yako kutoka kwenye Kiswahili. Vitabu vingi tunavyovipata hapa mjini vinafundisha Kifaransa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hulazimika kusafiri kutoka Dar hadi Paris kwa kupitia London, akilipa nauli mara mbili. Hasara si muda peke yake. Kiingereza kinamficha mwanafunzi mambo ambayo Mswahili anayo tayari nyumbani kwake.

Chukua neno ambalo nyimbo zote za dunia zimelichosha: "je t'aime". Mwingereza hushangaa kwa nini anayependwa ametajwa kabla ya kupenda kwenyewe, maana kwake yeye anayependwa hungoja mwishoni. Mswahili ashangae nini? Sisi tunasema ni-na-ku-penda. "Ku" imekaa mbele ya "penda" kama vile "t'" ilivyokaa mbele ya "aime". Wimbo maarufu wa Jacques Brel wa mwaka 1959 unaitwa "Ne me quitte pas", yaani usiniache. Maneno manne yao, neno moja letu, lakini "ni" yetu na "me" yao zote zimetangulia kitendo.

Au chukua gari jekundu. Mfaransa husema "voiture rouge", gari kwanza na rangi baadaye, sawasawa na sisi. Yapo maneno machache ya kila siku yanayotangulia, kama "petit" na "grand", na hayo utayazoea.

Halafu liko lile linalowatisha wengi, kwamba kwa Kifaransa kila kitu ni cha kiume au cha kike, hata meza na kisu. Ndugu yangu, wewe unayesema kitabu changu, nyumba yangu, mti wangu, gari langu, na hujawahi kukosea tangu ukiwa na miaka minne, unaogopaje makundi mawili? Yetu ni mengi kuliko hayo. Tena angalia hili, maana ndilo lililonifurahisha kuliko yote: "kitabu chake" hakikuambii kama mwenye kitabu ni Juma au ni Asha. Kinachotawala ni kitabu. Kwa Kifaransa "son livre" ni hivyo hivyo. "Son" inamfuata "livre", si mwenye mali. Mwingereza huanza kwa kuuliza mwenye mali ni bwana au ni bibi, na anayejifunza kupitia kwake huurithi mzigo huo bure.

Wala njia hii ya moja kwa moja si mpya. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka 1939. Kati ya lugha hizo mbili hakuweka ya tatu.

Nyimbo zinaingia wapi? Zinaingia sikioni, mahali ambapo kitabu hakifiki. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba habari ya redio huandikwa kwa ajili ya sikio. Kifaransa ni lugha inayohitaji somo hilo, kwani macho na masikio havikubaliani hata kidogo. Ndege, yule wa angani, huandikwa "oiseau", herufi sita, na katika hizo irabu zote tano zimo. Hutamkwaje? Hutamkwa "wazo". Ndiyo, wazo, kama wazo lako na langu. Na kinyume chake, jihadhari unapomwita mtu "kaka" mbele ya watoto wa Bujumbura waliosoma Kifaransa, maana kwa Kifaransa cha watoto hilo ni jina la kile wanachokiacha chooni.

Sisi tunakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, da-FTA-ri. Mfaransa hukaza mwishoni. Ndiyo maana Mswahili anayesoma kitabu tu husema MER-si, na Mfaransa humkazia macho akingoja aendelee. Ukiimba, muziki wenyewe unakuvuta hadi mwisho wa neno. Vile vile Wafaransa hushikanisha maneno. "Les amis", marafiki, husikika "lezami", na mwanafunzi huenda akatafuta neno "zami" katika kamusi hadi jua likazama. Stromae, mwimbaji wa Ubelgiji ambaye baba yake alikuwa Mnyarwanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, aliutania mtindo huo katika wimbo wake wa mwaka 2013. Aliuita "Papaoutai", akibandika pamoja kama yanavyosikika maneno ya mtoto anayeuliza baba yuko wapi.

Utaratibu wangu ni nusu saa kwa siku, siku sita, wimbo mmoja kwa wiki. Siku ya kwanza nasikiliza bila kuandika. Siku ya pili naandika ninachokisikia kwa tahajia ya Kiswahili, hata kama ni takataka. Siku ya tatu natafuta maneno yaliyochapishwa nalinganisha, na hapo ndipo elimu ilipo, kwa sababu kila pengo kati ya daftari langu na karatasi ile linanionyesha sauti ambayo sikio langu halijaizoea. Siku zinazobaki naimba kwa sauti, mke wangu avumilie. Nikishika maneno kumi kwa wiki, kwa mwaka yanapita 500. Mtu atasema kwa nini asikae saa tatu mfululizo siku ya Jumamosi. Ajaribu. Kufikia Ijumaa atakuwa amesahau alfabeti.

Chagua nyimbo za polepole, zenye kiitikio kinachorudi. Rege ya Tiken Jah Fakoly wa Ivory Coast inafaa sana. Franco Luambo alitoa mwaka 1987 wimbo mrefu wa kuonya juu ya ukimwi, "Attention na SIDA", na sehemu kubwa yake anaizungumza kwa Kifaransa kama mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Lakini usichanganye mambo. Sisi tuliokua miaka ya 1980 tukisikiliza Maquis na Makassy, tukipenda kila kilichotoka Kongo, tulizoea kudhani kwamba chochote tusichokielewa ni Kifaransa. Nyingi ya nyimbo hizo ni Kilingala, na Kifaransa kimo humo kama chumvi: "chérie" hapa, "problème" pale.

Na nyimbo zina udanganyifu wake. Mwimbaji akihitaji silabi ya ziada huitamka ile "e" ya mwisho ambayo katika mazungumzo humezwa. Utasikia pe-ti-te ikiimbwa silabi tatu tamu, na Mswahili huipenda kwa sababu imeishia kwenye irabu. Barabarani ni "ptit" tu. Kwa hiyo kila wiki mimi husikiliza pia taarifa ya habari. Radio France Internationale, ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalianzia hapa Dar es Salaam mwaka 2010, ina habari za dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, na msikilizaji ambaye asubuhi amekwisha kuzisikia habari zile zile kwa Kiswahili anaweza kuzifuata akiwa na maneno machache mno.

Tena nyimbo hazina risiti. Mapenzi utayapata, machozi utayapata, mvua na dirisha utavipata, lakini hakuna mwimbaji aliyewahi kulia juu ya "manquant". Ndiyo maana katika nusu saa yangu dakika kumi za mwisho ni za karatasi: bili, maelezo ya dawa, boksi la bidhaa. Kijana wa Temeke ana bahati kuliko mimi, maana vipuri vingi huja na maelezo ya lugha kadhaa, Kifaransa kikiwamo. "Frein" ni breki, "roue" ni gurudumu, "huile" ni oili, "pneu" ni tairi, na hiyo "p" itamke. Dereva wangu naye sasa ana daftari ndani ya lori. Limejaa maneno ya stakabadhi, na juu ya kila ukurasa ameandika jina la wimbo.

Limebaki jambo la tarakimu, na hili ni la fedha. Kitabu kilichotoka Paris kitakufundisha kwamba 70 ni "soixante-dix", sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", ishirini nne na kumi. Kwa hesabu hiyo 99 ni ishirini nne na kumi na tisa, na mwenye duka anakungojea umalize kujumlisha. Lakini Kongo, Rwanda na Burundi zilipokea Kifaransa chao kwa Wabelgiji. Huko 70 ni "septante" na 90 ni "nonante", maneno ambayo kitabu chako huenda hakikuyataja kabisa. Jifunze yote mawili, ya kwanza kwa ajili ya redio na ya pili kwa ajili ya Lubumbashi. Katika daftari langu tarakimu hizo zina kurasa mbili, na wimbo wa kuzifundishia bado sijaupata. Anayeujua aniandikie.