Moyo Unaovuja: Tuchangie Picha Ipi Kwanza?

Tumeombwa tuseme juu ya moyo unaovuja, kwa sababu vikundi vingine vimeshafanya harambee ya mgonjwa wa namna hii, na pesa zikaisha kabla ugonjwa haujajulikana.

Moyo ni pampu. Ndani yake kuna milango minne, yaani vali, inayofunguka damu ipite na kujifunga isirudi. Mlango usipofunga vizuri, damu hurudi nyuma. Mtu anahema kwa kilima kidogo tu, miguu inavimba, usiku hawezi kulala chali. Huku kwetu mara nyingi chanzo ni koo la utotoni ambalo halikutibiwa, likaleta homa ya viungo, homa ya rumatiki, na homa hiyo ikakunja vali.

Sasa, picha. Wengi hukimbilia eksirei kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Eksirei inaonyesha kivuli cha moyo, kama umepanuka, na kama mapafu yana maji. Mlango wenyewe hauonekani.

Tuchangie eko kwanza. Hii hutumia mawimbi ya sauti, kama mashine ile ya kumtazama mtoto tumboni. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, anapakwa kitu cha utelezi kifuani, basi. Hakuna miale, hakuna sindano. Milango inaonekana ikifunguka na kufunga, na damu inayorudi huonekana kwa rangi. Hata sikio la daktari haliifikii: mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya watoto wa shule 2,170 wa Msumbiji. Kwa kusikiliza kifua walipatikana 5 wenye vali zilizoharibiwa na homa hiyo. Eko ilionyesha 66!

Iko pia eko ya kumeza. Kifaa kinapitishwa kooni, kikautazama moyo kutoka nyuma. Mgonjwa hafai kula kwa saa kadhaa kabla. Huagizwa picha ya kifuani isipokuwa wazi, au kabla ya kutengeneza vali.

MRI ni mashine kubwa ya sumaku. Inapima vizuri kabisa kiasi cha damu kinachorudi kila pigo, lakini ni ghali na iko hasa miji mikubwa. Eko ikiacha shaka, daktari ataiagiza. Mwenye chuma mwilini aseme mapema. Sisi hatuoni sababu ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya MRI kabla ya eko.

Mkifika hospitali, ulizeni mambo mawili: vali gani inavuja, na inavuja kidogo, wastani au sana? Mtoto akionekana na dalili za mapema, ulizeni juu ya sindano ya penisilini ya kila mwezi. Uganda, utafiti uliotangazwa 2021 ulifuata watoto wa namna hiyo miaka miwili: waliodungwa, 3 kati ya 399 walizidiwa, wasiodungwa, 33 kati ya 400.

Karatasi ya majibu msiiache hospitali. Mgonjwa aitunze pamoja na kitambulisho chake, ili eko ya mwakani ilinganishwe nayo.