Kusema mpaka watu wasikie: maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Butembo na Beni

Ninyi mliotoka Beni na moto asubuhi hii, poleni na vumbi. Ni kilometa kama 50 tu, lakini tunajua siku hizi mtu anaomba Mungu kabla ya kupanda.

Waliniambia nizungumze juu ya kusema mbele ya watu na kupatana na wakubwa. Nilicheka kidogo. Niko na diplome ya chuo kikuu, niko na miaka 25, na kazi sina. Kama ningejua sana kusema mbele ya wakubwa, pengine mngenikuta ofisini. Lakini kukosea nimekosea mara nyingi, basi nianze na kosa langu.

Mwaka jana, mu avenue yetu, tuliita wakaaji ili tuwaombe wakuje kwa salongo ya kuzibua mifereji. Nilisimama, nikasema dakika 20. Guvernansi, redevabilite, partisipasio sitwayene, yote niliyaweka. Watu wakapiga makofi. Jumamosi asubuhi tulikuja watu wanne na makoleo, na wawili kati yetu ni wadogo zangu ambao hawakuwa na njia ya kukataa. Jioni nikapitia kwa mama mmoja mwenye kuuza sombe. Nikamuuliza: «Mama, mbona hamukukuja?» Akanijibu kwa upole kabisa: «Mwanangu, ulisema muzuri sana. Sasa ulikuwa unaomba nini?»

Ile jibu iliniuma kuliko matusi.

Nataka tuseme juu ya jambo tunalolijua wote, maana tulilipita kwa miili yetu. Tarehe 1 agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, kule Mangina. Iliisha tarehe 25 juni 2020. Wagonjwa 3470, waliokufa 2287. Na chanjo ilikuwapo tangu mwanzo. Dawa zilijaribiwa hapa hapa kwetu, na mwezi wa nane wa 2019 walitangaza mbili zinazosaidia kweli. Pesa zilikuwapo, majipu yalikuwapo mpaka tukakosa pa kupita barabarani. Kilichokosekana ni neno ambalo mtu anaweza kuliamini.

Wakati ule nilikuwa namaliza sekondari. Nakumbuka siku gari moja lilisimama kwetu, mtu akatoka na karatasi, akaanza kusoma: Ebola iko, inaua, munawe mikono. Baba mmoja wa avenue akanyoosha mkono: «Tangu mwezi wa kumi wa 2014 watu wanachinjwa kule Beni. Hamukukuja na haya magari. Mbona leo?» Yule mtu akatazama karatasi yake. Akasoma tena: Ebola iko, inaua. Hapo mazungumzo yalikufa, na sisi watoto tulirudi nyumbani na swali la yule baba, hatukurudi na maneno ya karatasi.

Angalieni vizuri kosa liko wapi. Yule kijana hakusema uongo. Kila neno lake lilikuwa kweli. Lakini alijibu swali ambalo hakuna mtu alimuuliza, na lile aliloulizwa akaliacha chini. Angeweza kusema tu: «Baba, uko na haki. Juu ya wale wanaokufa na mapanga mimi sina jibu, na inaniumiza pia. Ningeomba tuseme juu ya hii moja ambayo niko nayo mu mikono.» Sekunde kumi. Pengine tungebaki kusikiliza.

Na lugha pia. Kazi yenyewe waliiita riposti. Kwa watu waliozaliwa katika vita, neno hilo linasikika kama kurudisha risasi. Mabango mengine yalikuwa na Kiswahili cha mbali, safi sana, ambacho bibi yangu alikitazama kama picha. Yeye anaumwa kwa Kinande. Halafu tarehe 26 desemba 2018, siku chache kabla ya kura, CENI ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine, mpaka mwezi wa tatu, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais aliapishwa mwezi wa kwanza. Jieleze wewe mbele ya watu baada ya hapo!

Mwezi wa pili wa 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na vya hapa Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, aliuawa ku Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa mjini mwetu. Sisemi maneno mabaya ndiyo yalimwua. Waliomwua walikuwa na silaha na mipango yao. Lakini uvumi ulikuta nyumba tupu, ukaingia, ukalala.

Kuna waliosema vizuri, tusiwasahau. Kulikuja vile vyumba vya plastiki ya kupenya macho, ambamo mgonjwa analala ndani na mama yake anasimama nje, wanaangaliana, wanasalimiana. Kabla ya pale, mtu wako aliingia nyuma ya uzio, ukamwona tena ndani ya mfuko, kama ulimwona. Kulikuja waliopona, wakakaa na watoto wagonjwa, wakaeleza mu kartie: mimi nililala pale, nilipewa dawa hii, niko hapa. Mimi naamini lile dirisha lilisema kuliko hotuba zote za majipu, maana lilijibu swali ambalo kila familia ilikuwa nalo: munafanyia nini mtu wetu huko ndani?

Sasa, kupatana. Butembo hapa hatuna haja ya mwalimu kutoka Kinshasa. Wazazi wetu walienda Dubai na Guangzhou bila Kiingereza, wakarudi na makontena. Mukae saa moja sokoni karibu na mama anayejua kazi. Hakuambii bei ya mwisho kwanza. Anakuuliza: unapika kwa watu wangapi? Anataka kujua haja yako kabla ya mfuko wako. Ukisema bei ya mchezo, hakasiriki, ananyamaza, anapanga majani yake. Ile kimya ni kali, wewe mwenyewe unapandisha. Na iko bei fulani moyoni mwake ambayo hatashuka chini yake hata umwite mama mara kumi.

Sisi tunaendaje kwa wakubwa? Tunaenda na memorandumu ya mambo 14, tunasoma yote, tunapigwa picha, tunarudi. Mkubwa anafurahi, maana kati ya 14 hakuna hata moja analolazimika kujibu leo. Tangu état de siège ya mwezi wa tano 2021, meya ni afisa wa polisi. Kumwambia «lete amani mu Nord-Kivu yote» ni kumpa njia ya kutoroka, atasema ni mambo ya Kinshasa, na hatakuwa mwongo. Muulizeni kilicho ku mkono wake: usiku wakisikia risasi, watu wa pembeni ya mji wapige namba gani, nani anaipokea, tukuje lini kuona kama inafanya kazi? Tarehe mukiipata, muiandike mbele yake. Na mukubaliane kabla ya kuingia: nani anasema, nani anaandika, na ni jambo gani ambalo hatutaliacha hata watupe soda. (Soda munywe. Kukataa soda ya mtu si mapambano.)

Kwa ndugu wa Beni, jambo moja la haraka juu ya simu. Ujumbe wa «inasemekana wameingia» unatoa familia nzima usiku na watoto mgongoni. Kabla ya kutuma, andika wapi, saa ngapi, walielekea upande gani, na nani aliona kwa macho yake. Kama hakuna aliyeona, mpigie mtu wa pale kwanza.

Nimesema vya kutosha, dakika 20 zangu naziogopa. Mujipange wawili wawili. Mmoja ni mama wa sombe, mwingine anamuomba akuje kwa salongo ya Jumamosi hii, dakika mbili, kwa Kinande ama Kiswahili cha nyumbani. Mama anaruhusiwa kuuliza swali lolote, hata la 2014. Nyuma ya hapo mama ataeleza kama alisikia aliombwa nini. Yaya pale nyuma, wewe na yule wa kofia, tuanze na ninyi.