Paka na Mbwa Wetu Mambo ya Nyumba Yanapobadilika

Leo tutazungumza juu ya paka na mbwa tunaoishi nao hapa Bofu na mitaa jirani ya Likoni.

Huenda ukauliza, paka ana uhusiano gani na afya ya mtoto? Uhusiano upo. Mnyama aliyezoea mahali pake pa kulala na saa zake za kula huwa mtulivu. Akivurugwa hupata hofu, na mnyama mwenye hofu huparura na kuuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Tuanze na majira. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, nyumba za mabati huwa kama tanuri. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi uko nje. Kwa hivyo usimfunge juani. Mfunge kivulini, na umwekee maji safi katika chombo kizito asichoweza kukipindua. Yabadilishe asubuhi na jioni.

Masika yakiingia, hasa Aprili na Mei, ua hujaa maji. Gunia analolalia mbwa likilowa, hapati usingizi na hukasirika upesi. Mwinulie mahali pa kulala kwa matofali na ubao, chini ya paa. Ukiona viroboto au kupe, muulize daktari wa mifugo. Usimpake paka dawa ya viroboto iliyotengenezewa mbwa, kwani baadhi ya dawa hizo zina pemethrini, ambayo humuua paka. Vilevile usimpe paka Panadol hata kipande. Kwake yeye ni sumu.

Sasa tuje kwenye mabadiliko ya nyumbani. Katika mwezi wa Ramadhani, meko mengi hayawashwi mchana. Paka aliyezoea kupata vichwa vya samaki saa saba hakuti kitu. Jioni huwa na njaa, akajipitisha miguuni mwako nawe umebeba sufuria ya uji wa moto. Hapo mtoto aliye karibu anaweza kuungua. Wiki moja kabla ya mfungo, anza kusogeza saa yake ya kula kidogo kidogo. Mwezi ukiingia, mpe chakula chake kabla hujaanza kupakua futari.

Shule zikifungwa, watoto hushinda nyumbani, na paka aliyekuwa akilala mchana kutwa sasa anavutwa mkia. Mwachie mahali pa juu pa kukimbilia, kama vile juu ya kabati. Wafundishe watoto mambo matatu: wasimguse mnyama anayekula, wasimguse aliyelala, na wasimguse mwenye watoto.

Ukitarajia mtoto mchanga, usingoje siku ya kujifungua ndipo umfukuze paka kitandani. Mzoeshe kulala kwingine wiki kadhaa mapema. Na mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka, maana kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kama hakuna, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni.

Mkihama, hamani na mnyama wenu. Paka akae ndani wiki mbili au tatu hadi azoee. Mbwa anayeachwa nyuma huzurura jalalani, hapati chanjo, na huwa hatari kwa watoto wa mtaa mzima.

Mama, faida nyingine ya kumtunza mnyama kwa utaratibu ni kwamba utamjua tabia yake. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, akitokwa na mate mengi, akibadilika sauti au akishindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Paka pia hupata ugonjwa huu. Usimkaribie. Mwite daktari wa mifugo. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa, karibu kila mara hufa. Lakini akitibiwa mapema, kabla ya dalili, ugonjwa huzuilika.

Mtoto akiumwa au akiparurwa, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wenu, fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kama mfereji hauna maji, mimina kwa kata kutoka kwenye mtungi. Usipake pilipili, majani wala mafuta ya taa.

Pili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama chanjo haipatikani huku Likoni, vukeni feri mwende Hospitali Kuu ya Pwani. Usingoje uone mtoto ataendeleaje, kwa sababu dalili zinaweza kuchukua miezi miwili au mitatu kutokea.

Tatu, maliza sindano zote alizoandikiwa, hata kama jeraha limepona.

Nne, msimuue mnyama kwa hasira. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, huku mtoto ameshaanza chanjo.

Kinga iliyo bora ni kuwachanja wanyama wenyewe. Mbwa na paka wachanjwe wakifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kazi hiyo inaanzia uani kwako.

Kwa ufupi, tukumbuke: maji na kivuli wakati wa kaskazi, mahali pakavu wakati wa masika, chakula kwa saa zinazojulikana, na chanjo kila mwaka. Na mtoto akiumwa, ni sabuni, maji, dakika 15, kisha hospitali.

Ukimaliza, mweleze na jirani yako.