Jokofu la Chanjo Lina Njia Yake ya Umeme

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu matumizi ya umeme katika gari la kliniki tembezi



Gari la kliniki tembezi linapoegeshwa kijijini, swali moja huulizwa mapema kuliko mengine yote. Kwa nini gari lenye taa, feni na jokofu, tena lenye sola juu ya paa, linamnyima mwananchi nafasi ya kuchaji simu yake? Swali hilo ni la haki. Mwenye kuuliza huenda ametembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, na simu hiyo ndiyo atakayomwitia bodaboda wa kumrudisha nyumbani. Mtu huyo anastahili kupewa jibu lenye hesabu, wala si katazo tupu lililobandikwa mlangoni.

Jibu lenyewe linaanzia ndani ya jokofu. Chanjo hutunzwa katika nyuzi joto kati ya 2 na 8 za Selsiasi, mchana na usiku, siku za kazi na za mapumziko. Chanjo ya surua na rubela, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, huharibiwa na joto. Chanjo ya Penta, inayotolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14, huharibika ikiganda. Joto huacha ushahidi: chupa za chanjo hubandikwa alama ya duara lenye mraba ndani yake, na mraba huo hukolea rangi kadiri chupa inavyokaa katika joto. Rangi ya mraba ikishalingana na ya duara, chupa hiyo haitumiki tena. Kuganda, kwa upande wake, hakubadilishi alama hiyo. Chupa iliyoganda kisha ikayeyuka yaweza kuonekana nzima kwa mtu asiyeichunguza. Mtoto akachomwa sindano, kadi ikajazwa, mama akarudi nyumbani akiwa na moyo mweupe, ilhali kinga aliyoipata mwanawe ni pungufu.

Kwa hiyo jokofu hilo si chombo cha starehe. Likisimama kwa kukosa umeme, ama chanjo hutupwa na foleni hurudishwa nyumbani, ama mtoto huondoka bila kinga inayostahili. Hakuna katika mambo hayo mawili ambalo kijiji chaweza kulichukulia kuwa dogo.

Wazee wanakumbuka majokofu ya zahanati yaliyotumia mafuta ya taa au gesi. Yalifanya kazi bila waya, na magari ya kuishi ndani yanayotumiwa na wasafiri wa Ulaya na Marekani bado yana majokofu ya jamii hiyo. Ugumu wake ni kwamba kiwango cha ubaridi hakitulii: moto ukizidi au kupungua, baridi nayo hubadilika. Kwa soda na nyama hilo huvumilika. Kwa chanjo halivumiliki. Ndiyo maana kliniki tembezi hutegemea jokofu la kompresa linalotumia umeme wa betri wa volti 12.

Katika gari la aina hii betri huwa za makundi mawili. La kwanza ni la kuwashia injini. La pili ni la huduma, nalo hulisha jokofu, taa na feni. Injini inaponguruma, swichi maalumu iitwayo rilei huyaunganisha makundi hayo ili altaneta iyachaji yote. Injini ikizimwa, rilei huyatenga. Mpangilio huo una busara yake: hata betri za huduma zikiisha kabisa, gari bado litawaka na kuondoka, na chanjo zitafikishwa penye umeme.

Kutoka kwenye betri za huduma, umeme husafiri kwa njia zilizotengana, ambazo mafundi huziita saketi. Saketi moja ni ya taa, nyingine ni ya feni na pampu ya maji, nyingine ni ya inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 kwa vifaa vya kawaida. Jokofu lina saketi yake peke yake, yenye fyuzi yake karibu na betri na waya wake mnene hadi mwisho. Taa ikipata hitilafu na fyuzi yake ikakatika, gari huingia giza, lakini jokofu huendelea kuunguruma. Laiti vifaa vyote vingepangwa kwenye fyuzi moja, feni mbovu ya shilingi elfu chache ingetosha kuziharibu chanjo za kata nzima.

Unene wa waya nao una sababu. Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mwembamba na mrefu, kwa kuwa nguvu hupotea njiani. Jokofu linalotumia ampea 5, likiwa mita 6 kutoka kwenye betri na kulishwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, hupoteza takriban volti 0.7 kabla umeme haujafika. Kwa waya wa milimita za mraba 6, hasara hushuka hadi chini ya volti 0.2. Kompresa inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Basi jokofu lenye waya mwembamba hudhani kwamba betri imekwisha, nalo hujizima ili kuilinda, hali betri ingali nzima. Fundi asiyejua hulaumu jokofu. Fundi ajuaye hupima volti mlangoni pa jokofu lenyewe, tena likiwa linafanya kazi.

Fyuzi nayo huwekwa kwa ajili ya kulinda waya usishike moto. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa taarifa ya kosa. Kuifunga kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya, kama ifanywavyo katika nyumba nyingi, ni kumziba mdomo mtoa taarifa, na kosa husubiri kujitokeza kwa moshi.

Sasa ije hesabu ya simu. Uchukuliwe mfano wa gari lenye betri mbili za asidi, kila moja ikiwa na ampea 100 kwa saa. Kwa jumla ni 200, lakini betri za aina hiyo zikitumiwa kupita nusu ya uwezo wake hufa mapema. Kwa hiyo zinazotumika kwa usalama ni 100. Jokofu lenye kutumia ampea 5 na kufanya kazi nusu ya muda, kama ilivyo wakati wa joto, hula 60 kwa siku moja, usiku na mchana. Likiachwa peke yake bila jua wala injini, laweza kudumu kwa muda wa saa 40 hivi.

Simu moja ya kisasa, tangu ikiwa tupu hadi kujaa, huchukua karibu ampea 2 kwa saa kutoka kwenye betri hizo, pamoja na kinachopotea njiani. Mbili kati ya mia si kitu, na kila mwenye simu yuko sahihi akisema kwamba yake haiwezi kulidhuru gari. Lakini foleni ya kliniki haina mtu mmoja. Simu 30 ni ampea 60, yaani ubaridi wa jokofu wa siku nzima. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye betri, haba na haba hukimaliza.

Wahudumu wenyewe hawasazwi na hesabu hii. Birika la umeme la wati 2,000, likichomekwa kwenye inveta, huvuta zaidi ya ampea 180 kutoka kwenye betri. Kuchemsha maji mara mbili, kazi ya takriban dakika 10, hugharimu karibu ampea 30 kwa saa, ambazo zingelipa jokofu muda wa saa 12. Kwa sababu hiyo chai ya wahudumu huletwa kwa chupa, na pasi haina nafasi ndani ya gari. Katazo la mlangoni linamhusu mganga kama linavyomhusu mgeni.

Kinachotoka hurudishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni injini wakati wa safari. Ya pili ni sola: paneli ya wati 200, ikipata jua zuri kwa muda wa saa 5, yaweza kurudisha kiasi cha ampea 60 kwa saa, karibu sawa na mahitaji ya jokofu kwa siku. Lakini paneli iliyofunikwa na kivuli cha mwembe haizalishi hata robo ya hizo. Dereva anayeacha kivuli na kuegesha gari juani hana kiburi; watu ndio wakae chini ya mwembe, na paneli ipate jua.

Njia ya tatu ni umeme wa gridi kutoka ofisi ya kata, shule au zahanati. Hapo chaja ya gari hujaza betri, na jokofu huendelea kula kwenye betri kama kawaida. Umeme ukikatika ghafla, jokofu halitambui. Hata hivyo, njia hii ina hatari inayomgusa kila aliye karibu. Soketi isiyo na waya wa ethi yaweza kuliacha bodi la gari likiwa na umeme pindi hitilafu inapotokea, na anayeshika mlango akiwa amesimama kwenye udongo wenye unyevu ndiye huumia. Kwa hiyo fundi huikagua soketi kwanza, huhakikisha kwamba swichi ya usalama inayojikata yenyewe inafanya kazi, kisha huutandaza waya wa ekstensheni wote. Waya ulioviringwa kwenye gurudumu lake, ukibeba mzigo mkubwa, hupata joto na waweza kuyeyuka.

Kuna kosa jingine linalotokana na nia njema. Umeme ukirudi baada ya kukosekana, mtu hushawishika kuzungusha kitufe cha jokofu hadi mwisho ili kufidia baridi iliyopotea. Kufanya hivyo ndiko kunakoigandisha Penta. Kitufe hakiguswi, kinachosomwa ni kipimajoto, asubuhi na jioni, na kila usomaji huandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ubaridi ni mali.

Yanayotarajiwa kwa wananchi ni machache, na yote yamo ndani ya uwezo wa kijiji. Siku ya kliniki, serikali ya kijiji ielewane mapema na mwenye kibanda cha kuchajia simu, au iweke sola ndogo ya pembeni, ili mwenye simu iliyozimika apate msaada bila kugusa betri za chanjo. Ofisi itakayotoa umeme ihakikishe kwamba soketi yake ina ethi na kwamba uniti za LUKU zinatosha hadi kliniki ifungwe. Uwanja wenye jua utengwe kwa ajili ya gari, na wenye kivuli kwa ajili ya foleni. Mlango wa jokofu ukifunguliwa mara chache, kwa mhudumu kutoa chupa kwa mpango badala ya kuitikia kila anayeharakisha, kompresa hupumzika na betri hudumu.

Mwisho, mzazi ana haki ya kuuliza. Anaweza kuomba kuonyeshwa kipimajoto cha siku hiyo na alama iliyo kwenye chupa ya chanjo ya mwanawe, na mhudumu anawajibika kumjibu kwa heshima. Mzazi anayeuliza hivyo hamtilii mtu shaka. Anashiriki kulinda njia nyembamba ya umeme inayoanzia kwenye betri na kuishia kwenye mkono wa mtoto.